Omba nauli kabla ya kupanda matatu

Ukipita steji ya Maua Jumatatu alfajiri, fundi anayesafiri humkosi. Mfuko wake una mwiko, pima maji na buti zenye simiti iliyokauka. Anaenda Isiolo, Nanyuki au Nairobi, popote mjengo umepatikana.

Huku Igembe mjengo hufuata miraa. Soko likifungwa, kama Somalia ilivyofanya kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022, mwenye ploti huacha ukuta hapo ulipofika, na fundi hutafuta kazi mbali.

Karibu na nyumbani, asipolipwa, anajua mlango wa kubisha. Kule mbali ana namba ya simu na jina moja tu: Boss. Ndiyo maana tunamshauri aombe nauli itumwe kwa simu kabla hajaondoka, hata kama ni kidogo. Ujumbe wa kupokea pesa huja na jina ambalo Boss alisajilia laini, na hilo jina siku moja unaweza kulihitaji. Lakini akikuambia wewe ndiye utume pesa ili ushikiwe nafasi, huyo hana mjengo wowote. Kata simu.

Shida nyingine ni pesa kupitia kwa fomeni. Boss anatuma ya watu sita kwa namba moja, fomeni anazima simu, na Jumapili mafundi watano hawana hata nauli ya kurudi. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mshahara umfikie mfanyakazi mwenyewe, na kibarua alipwe siku inapoisha. Basi kubalianeni mapema kwamba kila mtu, pamoja na watu wa mkono, atatumiwa kwa namba yake. Ndiyo, ada ya kutuma mara sita ni kubwa kuliko ya mara moja, na Boss atanung'unika. Iwekeni kwenye hesabu ya kazi.

Ukionyeshwa ujumbe kwa simu ya mwingine, hiyo bado si pesa. Angalia salio lako mwenyewe. Na zile SMS za malipo usifute. Mara nyingi ndizo karatasi pekee inayoonyesha ulifanya kazi pale. Simu ikipotea, unaweza kuomba orodha ya miamala yako, ila kama laini imesajiliwa kwa jina la ndugu yako, hata hiyo orodha ni ya ndugu. Beba kitambulisho, usajili laini yako kabla ya safari ijayo.