Mabingwa wa Kapasita, Kuanzia Nakwa Hadi Mawinguni

Kapasita humeza umeme, ikatulia nao, kisha ikautema. Anayeanza elektroniki hapa Nakwa, mjini Babati, amjaribu mshiriki wa kwanza kwa mikono yake. Waliobaki awatazame kwa mbali.

1. Mvivu kuliko wote
Ni kapasita ya maikrofaradi 1000 iliyong'olewa kwenye redio mbovu. Ichaji kwa betri ya voti 9 (upande wenye mstari ni hasi, ukigeuza, itavimba). Iondoe, iunge na rezista ya kilo-omu 10, uweke mita. Baada ya sekunde 10, voti 9 zimeshuka hadi 3.3. Ikifika sekunde ya 50, karibu zote zimekwisha. Nishati iliyokuwamo ingeinua kilo moja ya sukari kwa milimita 4. Nne tu!

2. Kongwe kuliko zote
Chupa ya Leiden, ya mwaka 1745 hadi 1746: kioo, maji na waya, basi. Mwaka 1746 Mfaransa Nollet aliwashikanisha mikono askari 180, yaani mabasi matatu ya abiria 60, mbele ya Mfalme Louis XV. Chupa ilipoachia, wote waliruka kwa mpigo.

3. Yenye kisirani
Iko kwenye pawasapulai ya TV. Umeme wa voti 230 ukishanyooshwa, huifikisha karibu voti 325. Hata ikiwa ya maikrofaradi 100 tu, hubeba nishati mara 130 ya ile yetu ya redio. Wala haijali kuwa umechomoa plagi: chaji isipopata pa kutokea, hubaki ndani ikisubiri kidole. Fundi mzoefu huitoa kwanza kwa rezista, akapima kwa mita, ndipo akagusa. Mwanafunzi abaki na voti 9 zake.

4. Jitu
National Ignition Facility, California, ina benki ya kapasita inayobeba takriban megajuli 400. Kwa hesabu ya LUKU, hizo ni uniti 111. Unacheka? Humwagwa zote chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, kwa nguvu inayozidi mara 180 ya Bwawa la Nyerere na megawati zake 2,115!

5. Ya mbinguni
Wingu juu, ardhi chini, hewa katikati ikizuia. Hewa ikishindwa, radi. Hesabu za setilaiti zilizotolewa 2016 ziliipa Kabare, mashariki ya Kongo, mimweko 205 kwa kilomita ya mraba kila mwaka: bingwa wa Afrika. Duniani imepitwa na Ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake, lenye 233.