Ua Linalokufa Bila Kuguswa

  Somo la leo ni juu ya ua moja dogo la pwani ya Tanga na Kilifi. Tutajifunza linaishi wapi, na kwa nini linapungua.

Mmea huu ni mfupi. Majani yake ni manene, yenye manyoya laini. Maua yake ni ya rangi ya zambarau, na katikati mna manjano. Kwa muda mrefu jina lake la kitaalamu lilikuwa Saintpaulia. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul, aliyekuwa mtawala wa wilaya huko Tanga, alimpelekea baba yake mmea huu Ujerumani. Mwaka 1893 ukapewa jina la ukoo wao.

Watu wa Ulaya na Marekani waliupenda sana. Leo unauzwa huko kwa mamilioni, nao huuweka dirishani katika vyungu. Jani moja tu likichomekwa katika udongo wenye unyevu, huota mizizi na kuwa mche mpya.

Labda mtaniuliza: ikiwa uko kwa mamilioni, hatari iko wapi? Hatari iko huku kwao. Maua ya madukani yamechaguliwa na kuchanganywa na watu kwa miaka mingi. Ya mwituni yana aina mbalimbali, na baadhi yake wataalamu wameyaandika katika orodha ya mimea iliyo hatarini kutoweka.

Sasa sikilizeni vizuri. Karibu na Tanga, na vilevile karibu na Kaloleni katika Kilifi, ua hili huota katika nyufa za miamba ya chokaa. Udongo wa hapo ni kidogo mno. Kinachoupa mmea uhai ni kivuli cha miti, kwa kuwa kivuli hutunza unyevu wa mwamba. Mtu akikata miti hiyo kwa ajili ya mkaa au shamba, jua huupiga mwamba, unyevu hukauka, na ua hufa. Mkata miti hakuligusa. Pengine hata hakuliona. Lakini ameliua.

Hatusemi watu wasipike. Kuni na mkaa ni mahitaji ya kila nyumba. Tunasema hivi: panda miti ya kuni karibu na nyumba, na ile iliyozunguka miamba iache isimame. Wazee wa Kimijikenda walikataza kukata miti ovyo katika kaya zao. Walifanya hivyo kwa heshima ya mahali, na kwa katazo hilo mimea mingi midogo ikapata kivuli. Mwaka 2008 baadhi ya misitu hiyo iliandikwa katika Urithi wa Dunia.

Basi, anayetaka kulinda kilicho kidogo, na alinde kwanza kikubwa kinachokifunika.

Maswali ya kujibu darasani:
1. Ua hili huota mahali gani?
2. Kivuli cha miti hulisaidiaje?
3. Kijijini kwenu, ni miti ipi inayofaa kuachwa, na kwa nini?