Kijiko, Ungo na Chungu: Vyombo vya Jikoni Vinavyolinda Afya

Mazungumzo kuhusu lishe bora katika Afrika Mashariki huelekezwa zaidi kwenye vyakula vyenyewe, yaani mboga zipi zinunuliwe, unga upi upikwe na nyama iliwe mara ngapi kwa wiki, ilhali vyombo vinavyotumika kukiandaa chakula hicho havitajwi ila pale tangazo la biashara linapoleta mashine mpya. Kasoro hiyo si ndogo, kwa sababu kiasi cha chumvi na mafuta, usalama wa nafaka, na hata madini yanayoingia mwilini bila mlaji kujua, huamuliwa kwa sehemu kubwa na kile alichokishika mpishi mkononi. Tena vyombo vyenye faida kubwa zaidi kwa afya ni vya bei ndogo, na vingi kati yake vimo tayari katika nyumba za watu, ingawa havitumiki kwa kazi hiyo.

Cha kwanza ni kijiko cha kupimia, ambacho kinastahili kutangulizwa mbele ya mashine yoyote ya umeme. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ale chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku, kiasi kinachopungua kidogo kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na hesabu hiyo inajumuisha chumvi yote: ya mchuzi, ya mkate, na ile iliyofichika ndani ya viungo vya mchuzi vinavyouzwa madukani kwa pakiti na vidonge. Mpishi anayechota chumvi kwa vidole au kuimimina moja kwa moja kutoka kwenye pakiti hawezi kujua nyumba yake inakula kiasi gani, na ulimi haumsaidii, kwa kuwa ulimi uliozoea chumvi nyingi huona chakula cha kawaida kuwa hakijakolea. Nyumba yenye watu wazima wanne inapotenga asubuhi vijiko vitatu vya chai vya chumvi kwenye kibakuli, na mapishi yote ya siku yakachota humo tu, hapo ndipo shauri la daktari kwa mwenye shinikizo la damu linapogeuka kuwa jambo linaloweza kutekelezwa.

Mafuta yanahitaji kipimo hicho hicho, pengine zaidi. Gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9, yaani zaidi ya mara mbili ya zile zinazotolewa na gramu moja ya wanga au protini, na kijiko kimoja cha mezani chenye mililita 15 hubeba takribani kilokalori 120. Mafuta yanapomiminwa sufuriani kutoka kwenye dumu la lita tano, mkono hufuata upana wa mdomo wa dumu wala haufuati haja ya kitunguu kinachokaangwa. Kuyahamishia mafuta kwenye chupa ndogo na kuyapima kwa kijiko hakuongezi gharama yoyote, bali huyafanya yakae sana kabla ya kununuliwa mengine.

Chumvi inapopunguzwa, ladha lazima itoke mahali pengine, na hapo ndipo kinu kidogo na mchi wake vinapodhihirisha umuhimu wao. Kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga, bizari nzima na iliki zikitwangwa muda mfupi kabla ya kupikwa hutoa harufu kali kuliko unga wa viungo uliokaa rafuni kwa miezi mingi, na mchuzi uliojaa viungo vibichi hauhitaji kidonge chenye chumvi ili ulike. Wapishi wa pwani wana hazina nyingine inayofaa kuigwa, nayo ni utaratibu wa mbuzi ya kukunia nazi na kifumbu cha kuchujia tui. Nazi iliyokunwa hukamuliwa kwanza kupata tui zito, kisha machicha hutiwa maji na kukamuliwa tena kupata tui jepesi, ambalo ndilo hutumika kuivishia mchicha, kunde au samaki, huku tui zito likitiwa mwishoni. Sehemu kubwa ya mafuta ya nazi ni ya aina inayopandisha lehemu katika damu, na kwa kuwa mafuta hayo yamejikusanya zaidi katika tui la kwanza, mpishi mwenye kifumbu anaweza kutumia tui jepesi kwa wingi na kulipima tui zito kwa vijiko. Anayefungua pakiti ya tui la dukani hana mgawanyo huo, na aghalabu huimaliza pakiti nzima.

Hakuna chombo kinachodharauliwa kuliko ungo, na pengine hakuna kinachookoa maisha zaidi yake katika nchi zinazokula mahindi na karanga kila siku. Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na aina fulani za kuvu zinazoota kwenye nafaka na karanga ambazo hazikukaushwa vyema au zimehifadhiwa penye unyevu. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi huchangia saratani ya ini, na ikiliwa kwa wingi huua upesi. Mwaka 2004, katika maeneo ya mashariki ya Kenya yakiwemo Makueni na Kitui, watu 317 waliripotiwa kuugua na 125 kati yao wakafariki baada ya kula mahindi yaliyochafuliwa. Moto wa kawaida wa jikoni hauiondoi sumu hiyo, kwa hiyo ugali ulioiva barabara na uji uliochemka kwa muda mrefu huweza kuwa nayo kama ulivyokuwa unga wenyewe. Lililo jema ni kwamba sumu haitapakai sawasawa katika gunia zima, bali hujikusanya katika punje chache zilizooza, zilizovunjika, zilizosinyaa au kubadilika rangi, na kwa sababu hiyo kupepeta na kuchagua kwa macho kabla ya kupeleka mahindi mashineni hupunguza sumu kwa kiasi kikubwa. Kazi hiyo inahitaji uangalifu zaidi pale unaposagwa unga wa uji wa watoto, ambao desturi ya siku hizi huuchanganya kutokana na nafaka nyingi pamoja na karanga, kwani kila kinachoongezwa kinaweza kuja na uchafu wake. Ungo haumalizi tatizo zima, kwa maana sumu huanzia shambani na ghalani, na punje nyingine zinazoonekana safi huwa nayo, lakini ndio ulinzi wa mwisho ulio mikononi mwa mpishi.

Suala la sufuria ni gumu zaidi, kwa sababu madhara yake hayaonekani wala hayaonjeki. Sufuria nyingi nzito zinazosubiwa na mafundi wadogo hutengenezwa kwa alumini chakavu iliyokusanywa kutoka vipuri vya magari, makopo na vifaa vya umeme, na katika mchanganyiko huo huingia risasi, madini yanayoharibu ubongo wa mtoto na ambayo, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, hayana kiwango kinachojulikana kuwa salama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwamo, ukakuta kwamba baadhi yake vilitoa risasi ya kutia wasiwasi vilipochemshiwa maji yaliyotiwa asidi kidogo mfano wa chakula. Mapishi ya ndimu, ukwaju na nyanya ndiyo yanayovuta madini mengi kutoka kwenye chombo cha namna hiyo, na mabaki ya mchuzi yakilazwa humo usiku kucha huendelea kuyavuta. Mafundi hao hawana nia mbaya, na riziki yao inastahili heshima. Wanachokikosa ni malighafi iliyopimwa, na jukumu la kuipima ni la mamlaka za viwango.

Kwa vyakula vyenye uchachu, chombo salama ni chuma cha pua, yaani chuma kisichoshika kutu, au chungu cha udongo kisichopakwa rangi. Samaki wa ukwaju aliyepikwa chunguni hapati ladha ya madini, na chungu huendelea kutokota kwa muda baada ya kuepuliwa, ila vyombo vya udongo vilivyong'arishwa kwa rangi za urembo viachwe kwa mapambo, kwani baadhi ya rangi hizo zina risasi. Vyungu vya chuma navyo vina fadhila yao ya pekee. Utafiti uliofanywa Ethiopia na kuchapishwa mwaka 1999 katika jarida la Lancet ulionyesha kwamba watoto waliopikiwa katika vyungu vya chuma walikuwa na tatizo dogo zaidi la upungufu wa damu kuliko waliopikiwa katika alumini, kwa sababu chuma kidogo huhamia kwenye chakula, na hayo ni madini ambayo mwili huyahitaji kutengeneza damu.

Kikaango kisichonata husaidia kupunguza mafuta, mradi kisiachwe kitupu juu ya moto mkali na kitumiwe kwa mwiko wa mti. Mbao za kukatia ziwe mbili, moja ya nyama mbichi na nyingine ya mboga na matunda, na kisu kiwe kikali. Sukuma wiki na mchicha vioshwe kabla ya kukatwa, kwa kuwa vitamini C huyeyuka majini na kumwagwa pamoja nayo.

Chombo kimoja cha gharama kinachostahili fedha zake ni sufuria ya presha, iwe ya kuweka jikoni au ya umeme. Maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi usawa wa bahari, lakini Nairobi, iliyo juu ya mita 1,600, huchemka kwa nyuzi 94 hivi, na ndiyo sababu maharage ya nyanda za juu hukaa motoni muda mrefu zaidi. Ndani ya sufuria ya presha mvuke uliofungiwa hupandisha joto hadi karibu nyuzi 120, na maharage yaliyolowekwa huiva kwa sehemu ndogo ya muda wa kawaida. Nyumba inayoyakwepa maharage kwa hofu ya kumaliza makaa huweza hivyo kuyarudisha mezani mara nyingi kwa wiki, na mpishi akavuta moshi kidogo zaidi. Kabla ya kupika, maji ya kulowekea yamwagwe, mpira wa kifuniko na tundu la kutolea mvuke vikaguliwe, na sufuria isijazwe zaidi ya nusu, kwa kuwa povu la maharage hupanda na huweza kuliziba tundu hilo.