Umm Kulthum: Sauti Iliyokuwa Mali ya Umma

Tarehe 3 Februari 1975 Misri ilimpoteza Umm Kulthum, mwimbaji ambaye kwa miaka zaidi ya arobaini sauti yake ilisikika katika nchi zote za Waarabu, tangu Moroko hadi Iraki. Alipozikwa, siku mbili baadaye, umati uliojaa barabara za Cairo ulilitwaa jeneza kutoka kwa wachukuzi waliowekwa rasmi, ukalipokezana mabegani hadi msikiti wa Sayyidna Hussein. Wapo wafalme waliozikwa bila ya kuipata heshima hiyo. Yafaa basi tujiulize: binti wa mtu fukara kutoka shamba aliipataje, na kwa nini hata baada ya nusu karne jina lake halijafifia?

Alizaliwa karne ya 19 ikiisha na ya 20 ikianza, katika kijiji cha Tammay al-Zahayra, kwenye mashamba ya delta ya mto Nili. Baba yake, Sheikh Ibrahim, alikuwa imamu wa msikiti mdogo, na kwa kuwa kipato hicho hakikutosha, aliongezea kwa kuimba kasida katika arusi na maulidi. Binti naye alipelekwa chuoni. Sisi tuliopitia chuoni twajua mtoto hufunzwa nini huko: kuitoa kila herufi mahali pake, kujua pa kuvuta na pa kusita, na kuvuta pumzi bila ya kuivunja maana. Elimu hiyo ndiyo iliyokuwa msingi wa usanii wake wote. Wasikilizaji wake walimsifu maisha yake yote kwamba hakuna neno lililopotea kinywani mwake.

Lakini mila za wakati ule ziliona ni aibu msichana kuimba mbele ya wanaume. Sheikh Ibrahim akamvika binti yake nguo za kiume, kanzu na kilemba cha Kibedui, na kwa mavazi hayo akazunguka naye vijijini. Walipohamia Cairo mnamo mwaka 1923, wapo waliomcheka kwa ushamba wake. Yeye hakujibu kwa maneno, alijibu kwa kujifunza. Sheikh Abu al-Ila Muhammad alimfunza uimbaji, na mshairi Ahmad Rami akamwandikia na kumfungulia hazina ya ushairi. Mwaka 1926 aliacha kuimba na jamaa zake peke yao, akaunda kikundi cha udi, kanuni na fidla. Mikataba yake na makampuni ya santuri aliisimamia kwa jicho kali, asikubali kupunjwa.

Sinema ilimjia wakati ambao Wamisri walikuwa wakitafuta uchumi ulio mikononi mwao. Mwaka 1920, majeshi ya Uingereza yakiwa bado nchini, Talaat Harb na wenzake waliunda Benki ya Misri kwa mtaji wa Wamisri wenyewe. Benki hiyo ndiyo iliyojenga Studio Misr, iliyofunguliwa mwaka 1935, na filamu ndefu ya kwanza ya studio hiyo ilikuwa Widad ya mwaka 1936, ambayo Umm Kulthum aliigiza kijakazi anayeomba auzwe ili bwana wake aliyefilisika aokoke. Filamu hiyo ilipelekwa katika tamasha la Venice. Zikafuata Nashid al-Amal, Dananir, Aida, Sallama na Fatma. Katika Sallama ya mwaka 1945 alisoma aya za Qur'ani, na mtoto wa chuoni akasikika tena. Katika Fatma ya mwaka 1947 alikuwa muuguzi wa mtaa wa kimaskini, aliyeolewa na kijana wa ukoo wa kipasha kisha akakanwa. Akaitetea haki yake mahakamani huku watu wa mtaa wake wakisimama naye.

Baada ya filamu hizo sita aliiacha sinema. Taa kali za studio zilimdhuru macho; lakini twaona ipo sababu nyingine. Kamera haiitikii. Umm Kulthum alizoea kuurudia mstari mmoja mara nyingi, kila mara kwa namna mpya, kadiri ukumbi ulivyomtaka, na wimbo mmoja uliweza kuchukua saa nzima. Alhamisi ya kwanza ya mwezi, redio ya taifa ilipotangaza tamasha lake, watu walikusanyika mikahawani na majumbani kumsikiliza.

Mwaka 1944 Mfalme Faruk alimtunuku nishani. Mapinduzi ya Julai 1952 yalipofika, wapo waliotaka nyimbo zake ziondolewe redioni kwa sababu hiyo. Yasimuliwa kwamba Gamal Abdel Nasser mwenyewe alilikataa jambo hilo. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Mfalme alimpa nishani tu, hakumpa sauti. Sauti ilitoka kijijini, na wenyewe walikuwa wale waliomsikiliza. Naye alilithibitisha hilo baada ya Misri kushindwa vitani mwezi Juni 1967: alizunguka miji ya nchi yake, akaenda Paris mwezi Novemba mwaka huo, kisha Tunisia, Moroko, Libya, Sudan na kwingineko, akiimba na kuikabidhi nchi yake mapato.

Hatusemi kwamba hakuwa na kasoro. Mtunzi Zakariyya Ahmad, aliyemtungia baadhi ya nyimbo zake bora, aligombana naye juu ya malipo kwa miaka zaidi ya kumi, hadi wakapatana mwaka 1960. Aliyejua kuidai haki yake hapana budi aijue na ya mwenzake. Nyuma ya kila sauti kubwa lipo jasho la mtunzi na la mpiga udi.

Hapa pwani hatukuwa mbali na sauti hiyo. Kikundi cha Akhwani Safaa kiliundwa Unguja mwaka 1905, na taarabu yake ilichota mengi kutoka Misri. Nasi tulikuwa na Siti binti Saad, binti wa watumwa na muuza vyungu, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili.

Tofauti iko katika utunzaji. Hata Misri ilikosea: nyumba ya Umm Kulthum ilibomolewa katika miaka ya 1980, na jumba la kumbukumbu likafunguliwa mwaka 2001 tu, mahali pengine. Lakini kanda zake zilihifadhiwa, ndiyo maana kijana aliyezaliwa miaka thelathini baada ya kifo chake anazijua nyimbo zake. Je, santuri za waimbaji wetu ziko wapi? Kanda ngapi zinaota ukungu makabatini? Na wazee wangapi nyimbo zao hupigwa katika kila arusi, nao hawapati hata senti ya dawa? Kumlilia msanii siku ya maziko ni rahisi. Wajibu wetu ni kuitunza kazi yake na kumlipa haki yake angali hai.