Je, Wajua? Kinachokaa Kando ya Ugali

Msimu wa kuuza mahindi ukifika, barabara za kuingia Sumbawanga hujaa malori. Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayoilisha nchi, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) una maghala yake mjini hapo. Lakini je, wajua kwamba utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015–16 uliukuta mkoa huu ukiongoza Tanzania nzima kwa udumavu? Watoto 56 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wafupi kuliko umri wao, wakati wastani wa taifa ulikuwa 34. Udumavu una sababu nyingi, maji machafu na maradhi ya mara kwa mara yakiwemo. Mojawapo iko kwenye sahani: ugali upo, kinachokaa kando yake ni haba. Na uhaba huo hauishii kwenye kimo cha mtoto. Unafika kwenye usingizi wa mtu mzima, subira yake na raha ya moyo wake.

Je, wajua kwamba kula mahindi karibu matupu kuliwahi kuwapeleka watu kwenye hospitali za wagonjwa wa akili? Mwaka 1735 daktari Gaspar Casal wa Asturias, Hispania, alianza kuuchunguza ugonjwa wa wakulima maskini walioishi kwa mahindi. Baadaye uliitwa pelagra. Huanza kimyakimya: mtu hukosa usingizi, hukasirika upesi, huchoka, huwa na huzuni asiyoweza kuieleza. Ngozi hubabuka shingoni na mikononi, tumbo huharisha, na mwisho akili huvurugika. Kusini mwa Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, wengi waliamini ni maradhi ya kuambukizana. Daktari Joseph Goldberger hakukubali. Mwaka 1915, katika shamba la gereza la Rankin, Mississippi, wafungwa waliojitolea kwa ahadi ya msamaha walilishwa chakula kilichotawaliwa na mahindi, na baada ya miezi michache baadhi yao wakaugua. Wabishi hawakunyamaza. Mwaka uliofuata Goldberger na wenzake wakajidunga damu ya wagonjwa. Mkewe Mary naye akadungwa. Hakuna aliyepata pelagra. Ilipofika 1937, Conrad Elvehjem akaonyesha kilichokuwa kinakosekana: niasini, yaani vitamini B3.

Mahindi yenyewe yana niasini, ila imejifunga ndani ya punje na mwili hupata kidogo tu. Watu wa Mexico na Amerika ya Kati, waliokuwa wa kwanza kuyalima, huyachemsha kwa maji ya chokaa au majivu kabla ya kuyasaga, na hapo niasini huachiliwa. Mahindi yalivuka bahari, ujuzi huo ukabaki kwao.

Kisa kilicho karibu nasi ni cha Malawi. Wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa huko walipokea karanga pamoja na unga wa mahindi. Mgao wa karanga ulipokatika, pelagra ilizuka, na mwaka 1990 wagonjwa zaidi ya 18,000 walihesabiwa. Karanga tu! Gramu 100 zake zina miligramu 12 hivi za niasini, na mtu mzima anahitaji 14 hadi 16 kwa siku. Mama wa Ufipa, nyanda za juu za Rukwa, anayetwanga karanga kuungia mboga za majani anaweka ndani ya chungu kile kile kilichowakosa watu wale. Maharage nayo yanasaidia, kwa kuwa yana triptofani ambayo mwili unaweza kuigeuza kuwa niasini. Kuhusu unga, dona inabaki na vitamini nyingi za kundi B kuliko sembe, ambayo hupoteza sehemu kubwa kinuni pamoja na pumba. Najua sembe nyeupe ina heshima yake mbele ya mgeni. Kwa mlo wa kila siku nyumbani, mimi ningetetea dona.

Triptofani hiyo hiyo ndiyo malighafi ya serotonini, kemikali inayohusika na hali ya moyo. Je, wajua kwamba asilimia 90 hivi ya serotonini ya mwili hutengenezwa tumboni, wala haivuki kuingia kwenye ubongo? Ubongo hujitengenezea yake. Ndiyo maana madai kwamba ndizi inaleta furaha kwa sababu ina serotonini hayasimami. Ndizi ni chakula kizuri kwa sababu nyingine.

Je, wajua kwamba chumvi nayo inahusika? Nyanda za juu kusini, Rukwa ikiwemo, zilisumbuliwa kwa miaka mingi na uvimbe wa tezi la shingo, kwa kuwa udongo wa milimani huwa na madini joto kidogo. Katika miaka ya 1980 Tanzania iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto kwenye wilaya zilizoathirika zaidi, na katikati ya miaka ya 1990 zikaja kanuni za kuyatia kwenye chumvi. Tezi hilo likilegea, mtu huhisi baridi kuliko wenzake, husahau, huwa mzito wa mwili na mawazo, na huzuni humkalia. Wapo waliodhaniwa wavivu kumbe tezi ndilo lililolegea. Daktari makini huweza kuagiza kipimo chake kabla ya kuamua kwamba mgonjwa ana sonona. Nyumbani, chumvi ikae kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu, maana madini joto hupotea.

Na chai? Sumbawanga iko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai humfanya mtu aishike birika muda wote. Chai inayonywewa pamoja na chakula inaweza kupunguza kwa nusu au zaidi madini ya chuma yanayoingia mwilini kutoka kwenye maharage na mboga. Chuma kikipungua damu nayo hupungua, na upungufu wa damu huleta uchovu na kukata tamaa, hasa kwa wanawake. Chai ikisubiri saa moja baada ya mlo, na chungwa au limao likapata nafasi mezani, chuma huingia vizuri zaidi.

Kutoka Kirando na Kasanga, ng'ambo ya mteremko wa magharibi, huja dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika. Samaki hawa wana vitamini B12, ambayo mahindi na maharage hayana kabisa, na upungufu wake unaweza kuleta ganzi, usahaulifu na sonona. Dagaa huliwa wazima, kwa hiyo hata fungu dogo la sokoni lina thamani kubwa.

Je, chakula kinaweza kutibu sonona? Mwaka 2017 Felice Jacka na wenzake nchini Australia walichapisha jaribio la wiki 12 kwa watu 67 wenye sonona. Waliosaidiwa kubadili mlo, wakala zaidi mboga, jamii ya kunde, samaki na nafaka zisizokobolewa, theluthi moja hivi walipata nafuu kamili. Kati ya waliopewa mtu wa kuzungumza naye tu, waliopata nafuu hiyo walikuwa asilimia 8. Ni jaribio dogo, na wengi wao walikuwa tayari kwenye matibabu mengine. Aliyepoteza hamu ya maisha kwa wiki mbili au zaidi apelekwe kituo cha afya bila kusubiri, mlo mzuri uende sambamba na tiba.

Je, wajua njaa yenyewe humfanya nini mtu aliyekuwa mzima? Mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 wenye afya kwa wiki 24. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Wakawa wakali, wakajitenga, wakapoteza hamu ya mapenzi na masomo, baadhi wakashinda wakisoma vitabu vya mapishi. Ufipa, kaya iliyouza mahindi mapema ili ilipe ada na madeni hukutana na hali ya namna hii kati ya Januari na Machi, palizi ikiwa imepamba moto na ghala likionyesha sakafu. Vijana wa Minnesota walipoanza kulishwa tena, furaha yao haikurudi siku hiyo hiyo. Iliwachukua miezi, na baadhi walisema wiki za kwanza za kulishwa upya zilikuwa ngumu kuliko njaa yenyewe.