UZI: Mafuriko na mto mchafu ni mjadala mmoja, sio miwili

1/ Wadau, mvua ikipiga Nairobi siku mbili mfululizo, lawama huanza. Huyu anasema ni kaunti, yule anasema ni serikali kuu, wa tatu anasema ni wananchi na takataka zao. Wiki ikiisha mada inageuka: ati sasa tuzungumzie usafi wa Mto Nairobi, kana kwamba hicho ni kitu kingine. Ni maji yaleyale. Twende polepole.

2/ Kwanza sheria. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili: mifumo ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa ni kazi ya kaunti. Huduma za maji na maji taka pia ni za kaunti. Kuzoa takataka, kaunti. Mipango ya ujenzi, kaunti. Kwa hivyo mgombea ugavana akisema mitaro si jukumu lake, mfungulie ukurasa huo.

3/ Lakini kuna mikono mingine. Barabara kuu ziko chini ya KeNHA, baadhi ya zile za mjini ziko chini ya KURA, na barabara ikijengwa, mtaro wake hujengwa nayo. Mto wenyewe unasimamiwa na WRA kwa Sheria ya Maji ya 2016. Uchafuzi ni wa NEMA. Tone moja la mvua linaweza kupita kwa hizi ofisi zote kabla ya saa moja kuisha. Ndiyo maana jukwaani kila mtu anarusha lawama na hakuna anayedanganya kabisa. Kila mmoja anasema nusu tu.

4/ Sasa hesabu kidogo. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Ekari moja ina kama mita 4,047 za mraba. Mvua ya milimita 50 ikishuka hapo, ni lita 200,000 na kitu. Hayo ni maboza 20 ya lita 10,000, kutoka ekari moja tu. Udongo wenye nyasi na miti hunywa sehemu kubwa. Mabati, lami na kabro hazinywi karibu chochote.

5/ Chukua mtaa uliokuwa na nyumba za chini na bustani. Leo ni maghorofa na kabro hadi getini, lakini mtaro ni uleule. Ahadi ya "nitazibua mitaro" ni nzuri, ila mtaro mdogo ukiwa safi bado ni mdogo. Kila mara kaunti inapopitisha ramani ya jengo, imeamua pia maji ya jirani wa chini yataenda wapi.

6/ Hapa ndipo mto unaingia. Jiji lina njia mbili za maji machafu. Mabomba ya maji taka yanaenda kusafishwa, Ruai au Kariobangi. Mitaro ya mvua inaenda moja kwa moja mtoni, bila kusafishwa popote. Oili ya gereji, sabuni ya kuosha magari, uchafu wa soko, plastiki: chochote kilicho mtaroni kimeshafika mtoni, kinangoja mvua tu. Ile mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo husomba uchafu mwingi zaidi.

7/ Kisha njia hizo mbili huchanganywa. Mwenye ploti anaelekeza bomba la choo kwa mtaro, kwa sababu laini ya maji taka haijafika au hataki kuilipia. Mwingine anaelekeza maji ya paa kwa bomba la maji taka, mvua ikija bomba linajaa na kutapika barabarani. Kwa hivyo yale maji ya mafuriko watoto wanakanyaga wakienda shule mara nyingi si ya mvua peke yake.

8/ Na hayaishii hapa. Mito ya Nairobi, Ngong na Mathare inaelekea Athi, na Mto Nairobi unapita kando ya jaa la Dandora. Athi inashuka Machakos na Makueni, baadaye inaitwa Galana, kisha Sabaki, na inaingia Bahari Hindi kaskazini mwa Malindi. Mkulima wa Machakos anayemwagilia sukuma kwa maji hayo hampigii kura gavana wa Nairobi. Hapo ndipo serikali kuu haiwezi kukwepa: Katiba imeipa ulinzi wa mazingira na rasilimali za maji.

9/ Mjadala mgumu ni wa kingo za mto. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zilitaja kati ya mita 6 na 30 kila upande. Mwaka wa 2024, baada ya mafuriko kuua zaidi ya watu 200 nchini, waliokaa ndani ya mita 30 waliambiwa wahame, na Mathare nyumba zikabomolewa. Ni kweli mto unahitaji nafasi yake. Ni kweli pia kwamba aliyebomolewa bila pa kwenda atarudi kando ya maji. Anayesema "bomoa" aulizwe mambo mawili: watu watalala wapi, na ni nani alitoa kibali cha yale majengo ya mawe?

10/ "Lakini si wananchi ndio hutupa taka?" Ndiyo, tunatupa, na tuache. Ila mtaa ambao lori la taka halijapita wiki tatu, taka itakaa wapi?

11/ Maswali ya kubeba kwenye mdahalo:
– Ramani ya mitaro iko wapi, na kila mtaro unamwaga wapi?
– Pesa za kuzibua zimo kwa bajeti? Makadirio hufika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mitaro ya Machi ijayo inaamuliwa sasa.
– Jengo jipya linatakiwa kuhifadhi maji kiasi gani kwenye ploti yake?
– Nani anapima maji ya mto, na matokeo tunayasoma wapi?

12/ Kaunti ikinyamaza, Kifungu cha 42 kinakupa haki ya mazingira safi, na cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini bila kuthibitisha kwamba wewe binafsi umeumia. Ila anza na MCA wako. Mtaro wa kwenu unamwaga wapi? Kama hujui, hilo ndilo swali lako la kwanza. Sambaza.