Kwetu Ni Birayi, Hapa Ni Waru

Manze, kitu ya kwanza kunichapa Kanairo haikuwa mathree wala mbio za watu. Ilikuwa majina. Nilifika kwa mama mboga wa Kayole nikamshow, "Mama, nipe lenga-lenga." Akanicheki tu. Kumbe iko hapo mbele yangu, imefungwa na kamba. "Hii ni terere, kijana." Majani ni yale yale. Nikaitisha birayi, akanipimia waru.

Mimi ni msee wa Kibumba, kule juu ya Goma, barabara ya Rutshuru, ubavuni mwa Nyiragongo. Udongo ni mweusi, wa volkano, na asubuhi baridi inakung'ata mpaka kwa mfupa. Birayi, kabichi na karoti zinapenda hiyo baridi. Nimekua nikiskia chukudu zikiteremka alfajiri na magunia, mbao ikilia kwa mawe, hadi Goma mjini. Sisi ndio tulikuwa tunalisha watu. 2022 vita ikafika kwetu, tukahepa na mguu hadi kambi ya Kanyaruchinya. Baadaye nikashika basi: Kigali, Kampala, Busia, Nairobi. Sasa mwenye anasaka dishi ni mimi.

Waru iko kila kona. Kazi ilikuwa sombe. Hapa mtaani wasee wanakula muhogo, lakini majani ukiyataja wanakuuliza kama unafuga mbuzi. Mwenye alinifungulia njia ni boi wa Mombasa tunapiga naye mjengo. Nikamwelezea: majani ya muhogo, unatwanga kwa kinu, unachemsha masaa mpaka ile sumu yake iishe. Akaruka. "Si hiyo ni kisamvu! Kwetu tunatia nazi." Nikamwambia sisi ni mawese, ile mafuta nyekundu. Tulibishana lunch yote, na tangu nikam Kanairo sikuwa nimeskia raha ka hiyo.

Yeye ndiye alinipeleka kwa mathe mmoja Mkongo, anauzia kwa geti yake. Wasee, nilisimama tu hapo. Sombe imetwangwa tayari, mawese kwa chupa za soda, unga ya muhogo ya bugali, makayabu, ile samaki ya chumvi. Na sambaza kavu! Hapa watu hukuambia chukua omena, ni moja tu. Sio moja. Omena ni ya Ziwa Victoria, sambaza ni ya Kivu, na harufu yake ikiguswa na moto naijua hata nikiwa nimelala. Halafu cheki, hata sambaza hakuzaliwa Kivu. Alitolewa Tanganyika 1959 akatiwa huko, na leo ukimwambia mtu wa Goma huyo samaki ni mgeni, mtakosana.

Mathe akaniuliza kwa Kilingala, "Mboka na yo wapi?" Kwa Sheng mboka ni kazi, so nikajibu mbio, "Mjengo, huko Utawala." Akatingisha kichwa, akarudia polepole na Kiswahili ya kwetu: "Kwenu ni wapi, mtoto yangu?"

Nikasema Kibumba.

Hakuuliza ingine. Alikuwa ashapima sombe ya soo mbili. Akafungua mkebe tena, akajaza mpaka kifuniko ikakataa kufunga.

Jumapili boi wa Mombasa akatokea kwa keja na nazi mbili na mbuzi ya kukunia. Tukaweka sufuria mbili, moja yake, moja yangu, na waru za mama mboga tukachemsha pembeni na maganda. Bado tunapakua, mamangu akapiga simu kutoka Goma. Laini ilikuwa inakatika katika. Akauliza, "Mwana, munakula nini huko?"

"Sombe, mama," nikamwambia. "Sombe na birayi."